Mdomo Unaovuja

Kuna ganda la chungwa lililokaushwa ambalo Wachina hulitia kwenye uji wa mchele. Likianza kuchemka, nyumba nzima hunukia kama dawa, tamu na chungu kwa pamoja. Juzi nilikuwa kwenye mgahawa mmoja wa Rockville, nimewasindikiza tu wenzangu wa kazini, mhudumu akapita nyuma yangu na bakuli la uji huo. Nikaacha kusikia walichokuwa wakisema mezani. Wenzangu walidhani nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa na umri wa miaka minane, nimejibanza kati ya friji na ukuta katika jiko la Popo kule Gaithersburg, nimeziba mdomo kwa mikono miwili ili nisimwangamize mama yangu.

Nitaeleza, maana nikiliacha hapo mtasema nimerukwa na akili. Na ninyi mliokulia huku kama mimi, mkaletwa na ndege mkiwa bado na meno ya utoto, huenda mna la kwenu linalofanana.

Nina kigugumizi. Ninacho hadi leo, ingawa siku hizi tumezoeana kama mume na mke wa miaka mingi, kila mmoja anajua pa kutomgusa mwenzake. Kule Morogoro nilikozaliwa kilikuwa kidogo na hakuna aliyekishughulikia. Bibi yangu alikuwa akisema tu, "Mwacheni, maneno yake yanapanga foleni." Tulikuja Maryland, Marekani, mimi na Mama, Baba akabaki nyuma kusubiri karatasi zake, na huku kile kidogo kikakua. Sijui ni baridi, sijui ni lile basi la njano lililojaa watoto waliojua la kusema. Herufi ya D ilikuwa mlango wa chuma, na mimi naitwa Debora. Mwalimu akiniuliza jina, darasa zima lilikuwa na muda wa kutosha kuchonga penseli.

Mama alipata kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kichina aliyepigwa na kiharusi. Watu wote walimwita Popo, ambalo ndilo neno la bibi kwa lugha yao ya Kikantoni, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa usawa wa masikio, na mkono wa kulia aliokuwa akiubeba kwa mkono wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Binti yake, Winnie, alifanya kazi katika maabara kando ya barabara kuu ya 270. Winnie ndiye aliyeruhusu basi la shule linishushe pale mlangoni kwao, nikae jikoni na madaftari yangu mpaka Mama amalize zamu.

Kazi yenyewe ilikuwa na sharti moja lililokuwa kubwa kuliko kumwogesha na kumlisha. Madaktari walikuwa wamemwambia Winnie kwamba kiharusi kingine kikija, huenda kikaonekana kwanza mdomoni. Kwa hiyo kila alasiri Winnie alipiga simu kutoka kazini kuuliza jambo moja tu: leo anaongeaje? Na hapo ndipo mambo yalipogoma. Mama hakuwa na maneno ya Kiingereza ya kulijibu swali hilo. Popo naye alikuwa amepoteza karibu Kiingereza chake chote, ambacho hata kabla ya ugonjwa hakikuwa kingi. Kilichobaki kilikuwa Kikantoni.

Basi Jumamosi moja Winnie akatufundisha maneno ya Kikantoni ya mdomo ulioharibika, ili Mama aweze kumuuliza Popo mwenyewe, na Popo ajibu kwa kutikisa kichwa. Winnie naye ilikuwa imembidi kumpigia simu shangazi yake wa California apewe maneno hayo, jambo ambalo wakati ule halikunishangaza hata kidogo. Alitufundisha kwa vyombo vya jikoni. Alifungua bomba la sinki kidogo tu, matone yakawa yanadondoka, tik, tik, tik. "Lau hau," akasema. Mdomo unaovuja. Ni pale neno linapodondoka lilelile mara nyingi. Akachukua punje za wali wa jana, akazibana kati ya vidole, zikamganda. "Chi lei gan." Mzizi wa ulimi umenata, maneno yanatoka yamekunjamana. Akavuta ile droo yao mbovu iliyojaa mifuko ya plastiki, ikagoma. "Hau jat jat." Mdomo umekwama, neno lipo ila halipiti. La mwisho alilisema akicheka. "Sik lo si. Kula skrubu." Hilo, alisema, ni la watangazaji wa televisheni wanaoteleza kwenye habari. "Mimi hula skrubu kila nikiongea na Ma."

Mama alicheka kwa lile la skrubu hadi akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti changu, nimepigwa na butwaa la furaha. Kiswahili kilikuwa kimenipa neno moja tu la shida yangu, kigugumizi, na lenyewe limetungwa na mtu asiye nacho, maana mwenye nacho akilianza leo atalimaliza kesho. Hawa watu walikuwa na kabati zima. Walijua kwamba kuvuja si kukwama. Siku za kuvuja na siku za kukwama nilizijua mimi peke yangu, nikidhani hazina jina duniani.

Wiki hizo za mwanzo zilikuwa nzuri. Mama alikuwa akijifunza kwa kuigiza. Alikaa mbele ya Popo, akalegeza midomo, akaongea kama yeye, kisha akauliza, "Chi lei gan?" Popo akatikisa kichwa, hapana. Mama akarudiarudia silabi moja, "Lau hau?" Lakini siku moja Popo akampiga Mama kofi jepesi mkononi. Akasema neno lake, na uso wake haukuwa wa mchezo. "M hou hok." Jioni Winnie alipofika, Mama akamuuliza.

"Anasema usiige," Winnie akaeleza. "Ni imani ya wazee wetu. Ukimwiga mwenye lau hau, nawe utakuwa nayo."

Mama akatabasamu kwa adabu. Mimi nilishtuka. Maana jambo hilohilo nilikuwa nimelisikia siku chache nyuma, na si kwa Mchina.

Kwenye jengo letu la ghorofa aliishi Mama Njoki, Mkenya, mwuguzi, mwenye wavulana wawili walionifuata kwenye ngazi wakisema "D-d-d-Debo." Mama Njoki aliwakuta, akawakamata masikio wote wawili, moja mkono huu, moja mkono huu. "Mnam-copy aje? Hiyo kitu hushika mtu! Cousin yangu kule Murang'a alikuwa anacheka mtu wa kigugumizi, sahii hata kuagiza chai hawezi." Kisha akanigeukia kwa sauti laini. "Pole, mami. Hawa hawana akili."

Alikuwa ananitetea. Nilichobaki nacho mimi ni kwamba ninashika watu. Na sasa Popo, ambaye hajawahi kuonana na Mama Njoki, ambaye hata lugha yao ni mbalimbali kama mbingu na ardhi, alisema vilevile. Waswahili husema lisemwalo lipo. Mtoto wa miaka minane hahitaji ushahidi zaidi ya huo.

Shuleni nilikuwa natolewa darasani kwenda kwa mwalimu wa matamshi, mama mmoja mpole mwenye harufu ya peremende, aliyenipa stika ya nyota hata nisiposema kitu. Majira ya baridi yalipoanza alimwita Mama. Nilikuwepo. Alisema taratibu sana, akionyesha kwa vidole viwili, kwamba mdomoni mwangu lugha mbili zinapigana. Nipewe moja. Nyumbani pia iwe Kiingereza tu, mpaka nitakapokaa sawa. Mama akaitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi. Mama yangu alilelewa kwamba mwalimu akisema kaa, unakaa, kiti kiwepo kisiwepo.

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Teacher say, English only." Niliyaelewa maneno. Nilielewa kwamba mimi ndiye niliyekatazwa Kiswahili, maana mimi ndiye mgonjwa. Kwamba yeye naye amejiwekea amri hiyohiyo, hilo halikunijia kabisa.

Lazima mjue Mama alikuwa mtu wa namna gani kabla ya siku hiyo. Alikuwa msemaji. Alikuwa na uwezo wa kununua nyanya moja dukani kisha akarudi na hadithi ya muda wote wa kupika, yenye muuza duka, mteja mkorofi, na nyanya yenyewe ikitoa maoni. Aliniogesha akisimulia, alinisuka akisimulia. Nikikwama katikati ya neno, alisubiri huku mkono wake ukiendelea na kitana, kisha nikishafika anaitikia "ehe," kana kwamba hakuna muda uliopita.

Sasa alisema, "Eat." Alisema, "Finish? Go bath." Akitaka kusema zaidi ya hapo, alifungua mdomo, akanitazama, mikono ikapanda juu kutafuta kitu hewani. "The, the, the that thing," kisha mikono ikashuka. Nywele zangu akazisuka kimyakimya. Siku moja nilianguka kwenye barafu nikachubuka goti, nikaingia nalia. Alikimbia, akapiga magoti, akaweka mikono yake miwili mashavuni mwangu, midomo yake ikatetemeka, na hakuna neno lililotoka. Mwishowe akasema, "Sorry. Sorry. Sorry."

Lau hau, nikawaza. Na kabla ya hapo, hau jat jat. Nilikuwa na kabati zima la maneno na nikayatumia yote kwa mama yangu. Alimwiga Popo, na amekaa na mimi mchana na usiku. Imemshika.

Na ushahidi ulizidi kuja. Nilipokuwa sipo, Mama alikuwa mzima. Akijifungia chumbani kuongea na Baba kwa simu, nilimsikia kupitia mlangoni, Kiswahili kinamtoka kama maji ya milima ya Uluguru wakati wa masika. Akiwa kwenye ngazi na Mama Njoki, aliongea na kucheka. Lakini nikitokeza tu, anasita, anabadilika, mdomo unamfunga. Nililijaribu jambo hili. Nilitoka chumbani nikarudi, nikatoka nikarudi. Kila nikiingia, ugonjwa nao unaingia. Sikuhitaji daktari kunieleza kwamba ugonjwa wenyewe ni mimi.

Nikaamua kunyamaza. Si kwamba nilishindwa kusema, hapana, niliamua. Niliona kama vile mtu anavyofunga dirisha ili mwenye mafua asipigwe na upepo. Sikusema nyumbani, sikusema kwa Popo, na kwa kuwa kunyamaza nusu ni kugumu kuliko kunyamaza kote, shuleni nako nikaacha. Nilijibanza kati ya friji na ukuta. Usiku nilimpa Mama mgongo ili pumzi yangu iende upande mwingine. Aliponivuta anikumbatie nilijikaza kama ubao, naye akaniachia, na uso aliokuwa nao aliponiachia ninauona mpaka leo nikifumba macho. Alidhani nimemchukia. Mimi nilikuwa nikihesabu kwamba ameniachia kabla ugonjwa haujamwingia zaidi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na chetu kilikuwa nao. Kwa mwalimu wa matamshi kimya changu kilimaanisha kwamba Kiingereza hakijatosha, kiongezwe. Mama akaiondoa redio yake ya kaseti yenye nyimbo za kwaya ya nyumbani. Akafungua katuni za televisheni tangu ninaingia mpaka ninalala. Alikuwa akienda bafuni, anafungua bomba kwa nguvu, anakaa humo muda mrefu, na akitoka macho yamevimba. Nilijua analia. Nilidhani analilia mdomo wake.

Jumapili Baba alipiga simu. Mama alinipa kipokezi, akanisogezea sikioni. Nilisikia ule mlio wa mbali, halafu sauti yake. "Debora? Binti yangu? Sema japo shikamoo." Nilimtaka mno. Nilitaka kumwambia kwamba hapa kuna theluji na kwamba haina ladha. Lakini sikujua kama ugonjwa unapita kwenye waya. Nikabana meno. "Haloo? Haloo? Mama Debora, kadi imekwisha?"

Mama akaichukua simu, akaingia chumbani. Nikasikia. "Haijakwisha. Alikuwepo hapo, anakusikiliza." Akasikiliza. "Sijui, Baba Debora. Sijui. Hata kulia siku hizi halii kwa sauti." Akasikiliza tena. "Nimrudishe kwa nani? Nimetoka huko na mtoto anayeongea, nimrudishe bubu? Watasema nimemfanya nini?" Kisha akasema, polepole sana, "Mimi mwenyewe sina wa kusema naye humu ndani."

Hilo la mwisho nililielewa kwa namna yangu. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye ngazi bila koti.

Na Popo naye alikuwa anazama. Kutoka kuvuja alifika kukwama, na kutoka kukwama akafika pale ambapo kila Mama alipouliza, alikataa yote kwa kichwa, na sauti haikutoka kabisa. Winnie akatupa neno jingine kwa simu, mou seng, hakuna sauti. Kila alasiri Mama akawa analisema hilo tu, "Mou seng, Winnie. Today also." Nikamjumlisha Popo naye katika watu niliowaharibu. Niliacha hata kumtazama machoni.

Ilikuwa katika hali hiyo, mimi nipo pembeni ya friji, uji wenye ganda la chungwa uko motoni, Popo akaanza kuongea.

Mama aliangusha mwiko. Popo alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mgongo umenyooka, anatazama uwanja wa nyuma wenye theluji chafu, na maneno yanatoka. Hayavuji, hayakwami, hayanati. Sijawahi kumsikia hivyo. Alikuwa na sauti nzito kuliko nilivyodhania, na alikuwa anasimulia, hilo hata asiyejua neno moja angelijua. Alipandisha, alishusha, alicheka kidogo mahali fulani. Mama akakimbilia simu. "Winnie, come. She talk. No lau hau, no nothing. She talk, talk."

Maabara haikuwa mbali. Winnie aliingia na kitambulisho chake bado kinaning'inia shingoni, na miwani ya kazini ikiwa imemwachia mistari usoni. Akapiga magoti mbele ya kiti. "Ma. Ma."

Popo alimtazama, uso ukafunguka, akaanza upya. Nilimwona akianza upya, kama mtu anayesema, ahaa, wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Aliongea. Winnie alimshika mkono ule mbovu, kichwa chake kikiitikia, kikiitikia, kisha kikaacha kuitikia. "Maan maan gong, Ma," akasema. "Maan maan." Polepole, Ma, sema polepole. Popo akapunguza mwendo. Winnie akageuka kwa Mama, akasema kwa Kiingereza, haraka haraka, "Anasema kuhusu mama yake. Maji, kuna maji, mlango. Kuna kitu kuhusu mimi nilipozaliwa. Hilo neno silijui. Silijui." Akachomoa simu mfukoni, akampigia shangazi yake. Tuliisikia inaita. Inaita tu.

Popo alikuwa amenyamaza, anamtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Nadhani aliona wazi kuliko sisi sote. Kisha akaachia pumzi, akaupapasa mkono wa Winnie, na akasema kwa Kiingereza, kile kidogo kilichobaki, "You eat?"

"Yes, Ma," Winnie akasema. "I ate."

"Cold. Put jacket."

"Yes, Ma."

Popo akageukia dirisha. Shangazi alipopiga simu baadaye, tayari hakukuwa na cha kumtafsiria. Popo hakuongea tena hivyo. Alifariki kabla ya theluji kwisha.

Lakini jioni ile Winnie alikuja jikoni, akasimama na koti lake mkononi kana kwamba kweli ameagizwa alivae. Mimi nilikuwa palepale pangu, na Kiingereza kwa wakati ule nilikisikia vizuri kuliko Mama. Alisema, "Nilipoanza shule nilikuwa nachanganya lugha. Mwalimu akawaambia wazazi wangu waache Kikantoni nyumbani. Wakaacha siku ileile. Ma alikuwa na Kiingereza cha chakula na cha koti. Basi ndiyo tumeongea, chakula na koti, maisha yangu yote."

Mama alikuwa anaosha bakuli. Akasimama. "The teacher," akasema, anatafuta, "the teacher is bad?"

"Hapana," Winnie akasema. "Alikuwa mwalimu mzuri sana. Alinipenda."

Mama akaliweka bakuli kwenye beseni, likiwa bado na povu. Akafuta mikono. Akachukua makoti yetu, tukatoka.

Kituo cha basi kilikuwa mbele ya jumba la kufulia nguo. Giza lilikuwa linaanza kuingia, kuna upepo, watu wawili watatu wamesimama wameingiza vichwa kwenye kola. Mama akanifunga skafu, akakaa kwenye benchi, akatazama barabara. Halafu akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baridi hii ina chuki binafsi na masikio yangu."

Nilimrukia. Niliziba mdomo wake kwa mkono wenye glavu. Alijaribu kuutoa, nikaubana kwa mikono miwili, na kwa kuwa hakutaka kunyamaza ikanibidi nivunje kile nilichokuwa nimekilinda msimu wote. "U-u-u-usi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa na kutu. "I-i-itakushika. M-Mama."

Aliutoa mkono wangu taratibu. "Nini kitanishika?"

Nikamwambia. Ilichukua muda wa basi zima kupita, maana lile letu lilikuja, likafungua mlango, likafunga, likaenda, na Mama hakulitazama. Nilimwambia kwamba Mama Njoki amesema na Popo amesema. Nilimwambia kwamba nimeona akikwama, nimeona akivuja, na kwamba nikiwa sipo anapona. Nilimwambia nimenyamaza ili apone. Alisubiri kila neno. Kila nilipofika alisema, "ehe."

Nilipomaliza alikuwa analia waziwazi mbele ya watu, kamasi na machozi, bila bomba la kumficha. "Yaani ulininyamazia mimi?" akasema. "Mungu wangu. Na mimi nilikunyamazia wewe." Alinishika mabega. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mzazi wa kwetu angelifanya, wala wa kwao Popo. Alinitazama usoni, akaniiga. "D-d-d-Debora," akasema kwa sauti ya kituo kizima kusikia. "B-b-binti yangu. U-u-unanisikia?"

"A-acha!" Nililia. "I-i-itakushika!"

"I-i-inishike," Mama akasema. "I-i-ikinishika, t-t-tutakaa nayo wote wawili. B-bora hiyo."

Aliendelea hivyo mpaka basi jingine lilipofika, akamsalimia hata dereva kwa kigugumizi. Mimi nilikaa kando yake nimeshika koti lake, nimekufa kwa hofu. Sikuamini kwamba amenusurika. Maneno ya wazee hayafutwi na kituo kimoja cha basi.

Asubuhi niliamka na kutega sikio kabla ya kufungua macho. Jikoni kimya. Nikavaa, nikatoka, nikakaa kwenye zulia na viatu vyangu, naye alikuwa amenipa mgongo, anapaka mkate siagi.  Akageuka, akaniona.

"Wewe mtoto, mpaka saa hizi viatu? Lile basi ni la baba yako, kwamba litakungoja? Na hizo soksi umezitoa wapi, moja ya kijani, moja ya njano, waseme mama yake kipofu? Nimekwambia jana, nimekwambia juzi, begi lipangwe jioni, lakini wapi, masikio umeyaazima. Haya, nyanyuka. Unanitazama nini? Nimeota pembe?"

Hakukwama popote. Hakuvuja hata tone. Nilikuwa nimeshavaa kiatu cha kushoto. Cha kulia nilikisukuma chini ya kochi kwa kisigino, ili aendelee.